Mkono Chini ya Kitambaa

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia kanisani kumsaidia shangazi yake kufagia. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifagia akisema, akapangusa mabenchi akisema, mpaka shangazi akamwambia awahurumie hata watakatifu ukutani, nao wana masikio.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, misalaba na sanamu zote zilifunikwa vitambaa vya zambarau hadi Ijumaa Kuu. Msalaba mkubwa ulilazwa mezani, na Yesu wa plasta juu yake. Shangazi alikuwa na utaratibu wake: kitambaa hulegezwa, kisha hushikizwa pini kwa nyuma. Hakifungwi kamba kamwe. Siku hiyo alitoka kuteka maji, akamwambia Chiriku asubiri.

Chiriku hakusubiri. Alichukua kamba akaikaza kama anayefunga mzigo wa nguo. Ndani ya kitambaa kitu kikalia, ko. Alipochungulia, mkono wa kuume wa Yesu ulikuwa umekatika kwenye kifundo, msumari ukiwa bado kiganjani. Aliutia kwenye mkunjo wa kitambaa, akaondoa kamba, akashikiza pini. Shangazi aliporudi waliusimamisha msalaba pamoja, na Chiriku hakusema neno.

Tangu siku hiyo kanisa lilibadilika machoni pake. Upande wa kuume kitambaa kilibonyea. Milango ilikuwa imefungwa, upepo hakuna, lakini kitambaa kilijaa polepole kisha kikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Sanamu zilizofunikwa zilisimama kama watu walioamriwa wasitazame. Alifagia akiupa ukuta mgongo. Wenzake wa kwaya walimtania kwamba amemeza mfupa, naye akacheka nao bila sauti.

Alhamisi Kuu, Mwenyekiti wa baraza la wazee alikuja kukagua, mikono nyuma. Alikuwa mtu asiyeuliza sana, maana majibu alikuja nayo kutoka nyumbani. Aliinua kitambaa, na mkono ukaanguka sakafuni.

Hakuuliza ni nani. Alimtazama Babu Kengele, mzee aliyepiga kengele na kulala kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Tangu amzike mkewe, mikono ya mzee huyo ilikuwa ikitetemeka. Babu alisema hakumbuki kuugusa msalaba. Mwenyekiti akajibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, hakumbuki. Pasaka ikipita, aondoke chumbani, atafutwe mtu mwenye nguvu. Baraza halikukaa. Likae la nini, na mzee hana wa kumsemea? Shangazi alijaribu, akaambiwa hayo ni mambo ya wazee. Chiriku alikuwa pale pale na ufagio wake, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Ijumaa Kuu kengele hazilii. Babu aliita watu kwa kugonganisha vibao viwili, na mlio wake ulikuwa mkavu, kama mlango unaojigonga katika nyumba iliyohamwa. Kabla ya ibada Chiriku aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa na jagi la maji. Akasikia mtu anaongea chini chini upande wa msalaba. Aliona kama maneno yanatoka ndani ya kitambaa.

"Nisamehe, Bwana. Sikumbuki. Lakini kama si mimi, ni nani? Mikono hii siku hizi hainiambii inachofanya."

Alikuwa Babu Kengele, amepiga magoti, mikono ameibana kwapani kama wezi aliowakamata.

Chiriku alitamani kukimbia. Aliogopa shangazi naye asije akafukuzwa kazi. Lakini kusikia mzee akitubu kosa la mtu mwingine kulimtisha kuliko kitambaa.

"Babu," alisema, "ni mimi niliyeuvunja."

Mwenyekiti alikuwa anaingia na wazee wenzake. Alimwambia huo si wakati wa hadithi za watoto, watu wanasubiri nje. Shangazi, aliyeingia nyuma yao, akaweka ndoo chini.

"Rudia, mwanangu. Polepole, wote wasikie."

Chiriku alirudia yote: kamba, mlio, mkunjo wa kitambaa. Mwenyekiti alirekebisha koti lake, akasema basi yaishe, sote ni binadamu. Ajabu, jana binadamu alikuwa mmoja tu. Shangazi aliuliza na chumba je. Wazee wakamgeukia Mwenyekiti, naye akiutazama ukuta akasema Babu abaki. Pole hakuitoa.

Msalaba ulifunuliwa vilevile, bila mkono, na watu wakaibusu miguu ya Yesu.

Baada ya ibada shangazi na Chiriku walikwenda chumbani kwa Babu. Alikuwa ameshafunga virago vyake. Wakaanza kuvifungua: sufuria, blanketi, picha ya marehemu mkewe.

"Plasta hubandikwa," shangazi alisema. "Kilichoniuma ni kimya chako. Waliompigilia Yesu misumari walikuwa askari wachache. Wengi walijua hana kosa, na mwenye cheo alijua vizuri kabisa. Yule akanawa mikono, rafiki akamkana, wengine wakarudi makwao. Alikufa katikati ya watu waliojua na kunyamaza. Ukimwacha mwenzako abebe kosa lako, umesimama nao pale. Leo umeondoka pale. Usirudi."

Chiriku alimuuliza Babu kama amemsamehe.

Babu aliifuta picha kwa shati lake.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Hasira bado ninayo, itapoa yenyewe. Lakini leo nitalala nikijua haikuwa mikono yangu."

Akaiweka picha karibu na kitanda.