Upande wa Orie

Dada yangu Fumie aliolewa na mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia yaliyompata shemeji Genzo huanza kumtafutia makosa. Hakuwa nayo. Alikuwa fundi wa mapipa ya mbao, mpole, mgane wa miaka mitatu, na alimwoa dada akijua kwamba ana mdomo.

Niliwatembelea Januari, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kule milimani Niigata. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Dada alinipokea mlangoni amevaa koti lake la pamba, mashavu mekundu.

"Nobue, ingia upesi bwana, unaniingizia baridi ndani!"

Nyumba ile ilikuwa na mahali pamoja tu penye joto. Katikati ya sebule palikuwa na shimo la mraba lililojengwa kwa mawe, makaa yakiwaka chini yake. Juu ya shimo palikaa meza fupi, na juu ya meza mfarishi mnene ulioanguka pande zote. Unakaa sakafuni, unaning'iniza miguu shimoni, unajifunika mpaka kiunoni. Ndiyo kotatsu ya zamani. Kwingineko hata maji ya kunawa yaliganda ndooni. Kwa hiyo tulikula pale, tulishona pale, na wao wawili waligombana pale.

Meza ina pande nne, nasi tulikuwa watatu. Siku ya kwanza nilitaka kukaa upande wa dirisha nitazame theluji. Shemeji akanigusa kiwiko.

"Hapo pana upepo, shemeji. Njoo huku."

Hapakuwa na upepo wowote. Ila mfarishi wa upande ule ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ametoka kuinuka sasa hivi.

Jikoni, dada akaniambia huku akikata figili.

"Pale ni pa Orie."

"Orie nani?"

"Mke mwenzangu." Akacheka, lakini kisu kilikwenda kwa nguvu. "Marehemu. Mfarishi ameushona yeye. Makaa aliyapenda yeye. Kaka alitupatia meza ya umeme, yenye taa ya joto chini yake, siku ya harusi; imo stoo kwenye boksi lake mpaka leo. Nikiitaja, Genzo ananiambia mwakani, mwakani."

"Dada, mtu ameshakufa."

"Ndiyo ubaya wake. Hazeeki. Haunguzi wali. Hakoromi. Mimi nitamshinda kwa lipi?" Akatazama mlango, akashusha sauti. "Leo mtazame Genzo miguu yake."

Nilimtazama. Tulikuwa tunakula machungwa baada ya chakula cha mchana. Dada alikaa mkabala na mumewe, lakini magoti ya shemeji yalikuwa yameelekea dirishani. Baada ya muda akafumba macho, akatabasamu kama mtu anayekunwa pale panapomwasha. Dada alimenya chungwa, akaliminya mpaka maji yakamchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Hakumtazama mumewe usoni. Alitazama mfarishi.

Ulikuwa unatikisika kidogo. Upande usio na mtu.

Siku ya nne, alasiri, nilikaa peke yangu nikishona kifungo. Shemeji alikuwa karakana, nikisikia randa yake ikipita kwenye mbao. Dada alikuwa jikoni, nikisikia sufuria. Miguu yangu ilikuwa shimoni, imepata joto, na usingizi umeanza kunijia.

Mguu ukaukanyaga mguu wangu.

Ulikuwa mguu mdogo. Wa moto. Ulikuwa na soksi. Ukanisugua juu ya unyayo, polepole, kwa mazoea, kama mke anavyomfanyia mumewe. Kisha ukasimama.

Randa bado ilikuwa inapita. Sufuria bado zilikuwa zinagongana.

Mguu ukaanza kunipapasa. Kidole kwa kidole. Ulipofika kidole cha mwisho ulijua kwamba mimi siye. Ukajiondoa.

Nilijiburuta mpaka jikoni kwa magoti, nikamweleza dada kwa kunong'ona. Nilidhani atashtuka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa wa moto?"

"Wa moto, dada."

"Mimi hunisukuma. Kila siku. Nikipeleka miguu kwa mume wangu, ananisukuma kwa unyayo, taratibu, mpaka nirudi kwangu. Nilikuwa najiambia ni Genzo." Akafuta mikono kwenye aproni. "Bora ningebaki najiambia hivyo."

"Twende kwetu, Fumie. Leo hii."

"Nimwachie nyumba? Nimwachie na mume? Thubutu!"

Kesho yake shemeji alipeleka mapipa mjini. Hata hajafika barabarani, dada alishauvuta mfarishi. Alibeba theluji ndoo kwa ndoo, akaimwaga shimoni. Makaa yalichemka, yakatoa mvuke, yakawa meusi. Sauti ile ya kuchemka haikukoma. Iliendelea kutoka chini ya theluji, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Nipe mbao," dada akasema.

Alizipanga juu ya shimo akazipigilia misumari kumi na minane. Niliihesabu kwa sababu nilikuwa namshikia. Juu yake akaweka meza ya umeme na blanketi jipya la dukani. Kisha akautoa mfarishi uani, akaumwagia mafuta ya taa, akauwasha. Jirani, Bi Masue, akachungulia juu ya ukuta wa theluji.

"Fumie mwanangu, unachoma nini? Mbona kunanuka nywele?"

"Pamba tu, bibi. Pamba kuukuu."

Shemeji alirudi jua bado lipo. Aliona meza. Aliona jivu uani. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Sasa Orie ataota moto wapi?"

"Akaote kaburini," dada akamjibu. Akaenda akaketi upande wa dirisha, akajifunika, na mumewe alipoketi mahali pake akampelekea miguu. Nilimwona anatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha tabasamu likamtoka.

"Genzo. Miguu yako ni barafu."

Taa nyekundu ya meza ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa natoka jasho.

Kesho yake baridi ilikuwa imempanda shemeji hadi magotini, na siku ya pili hadi mikononi. Dada alimvalisha makoti mawili. Akamwekea chupa za bati za maji ya moto kiunoni na kifuani; zilipoa mara moja kama zimetupwa mtoni. Akamsugua miguu mpaka viganja vyake vikachubuka. "Niangalie mimi," alikuwa anamwambia. "Genzo, mimi hapa. Niangalie mimi." Shemeji alikuwa mpole vilevile. Alimshukuru kila mara. Akizungumza, pumzi yake ilitoka kinywani kama moshi, ndani ya chumba chenye joto.

Yetu haikutoka hivyo.

Siku ya tatu mchana paa lilianza kulia kwa uzito wa theluji. Ilibidi tupande tuiporomoshe chini kwa koleo, mimi na dada. Tulimwacha shemeji mezani. Bi Masue naye alikuwa juu ya paa lake, tukipigiana kelele, na hakuna mlango tusiouona kutoka kule. Tulikaa labda saa moja.

Tuliposhuka, hakuwepo.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Uani hapakuwa na nyayo ila zetu. Makoti yake mawili yalikuwa yamekunjwa vizuri kando ya meza, kama ya mtu aliyeona joto. Dada aliita chumba hadi chumba. Alipopita karibu na meza na soksi zake zilizolowa, akasimama.

"Nobue. Gusa hapa."

Sakafu ilikuwa ya moto. Nikatazama waya wa meza. Ulikuwa umechomolewa.

Dada alileta nyundo. Misumari yote ilikuwa mahali pake, vichwa vyake vinang'aa, hakuna hata mmoja uliolegea. Aliing'oa mmoja mmoja huku analia kwa kwikwi. Msumari wa kumi na nane ulipotoka, akainua ubao.

Shemeji Genzo alikuwa mle shimoni, amekaa, magoti yamekunjwa, kichwa ameegemeza kwenye mawe. Hapakuwa na theluji. Hapakuwa hata na unyevu. Alikuwa amekufa. Nilimgusa shavu, na mpaka leo mkono wangu unakumbuka.

Alikuwa wa moto.

Alikuwa amejibana upande mmoja wa shimo. Alimwachia mtu nafasi.

Askari wa kijiji alituuliza maswali siku mbili. Bi Masue akaapa kwamba hatukuteremka paani. Daktari aliandika moyo, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuandika. Shimo lile lina mawe pande zote. Waliligonga jiwe kwa jiwe.

Dada anaishi kwangu sasa, mwaka wa kumi na moja huu. Nyumba yangu haina shimo, ina jiko la mafuta ya taa, na hatuzungumzi habari zile. Lakini kila mwaka, theluji kubwa ikishatulia, chini ya dirisha la chumba chake huyeyuka mahali pawili. Ni viduara viwili vilivyobanana, kila kimoja upana wa mtu aliyekaa, udongo umekauka kabisa. Mara ya kwanza nilidhani ni bomba.

Asubuhi dada hutoka na koleo kabla sijaamka. Namsikia akichota, akimwaga, akishindilia. Hukaa pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe inavyodai.

Anafukia kimoja tu, kile kidogo.