Mafiga ya Mwenye Nyumba

Jua lilikuwa limeinama Suzan alipotua godoro, sufuria na mwanawe Derick kwenye chumba cha bibi Speciosa, pale Ngara mjini. Mwaka ule wa tisini na nne wakimbizi walikuwa wamefurika, wafadhili nyuma yao, na chumba cha elfu mbili sasa kilikuwa elfu kumi na tano. Hiki bado elfu mbili! Wiston, mumewe, dereva wa kambini, alilipa miezi sita palepale asije mwingine akawahi, akarudi kazini. Hata nauli ya kurudi kwao Nyantakara haikubaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mafiga hayo, kuni hizo. Pika, mtoto ale."

Suzan akabandika uji. Mkaa ulikuwa ghali, angefanyaje? Alishangaa kidogo tu: majivu yalikuwa vuguvugu, na chumba kilikuwa kimefungwa tangu masika...

Akatoka kupunga hewa, Derick mgongoni. Mwanamke jirani akamnong'oneza kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa.

"Mama, hayo mafiga umekuja nayo?"

"Nimeyakuta."

"Yesu na Maria! Mpangaji huja na mafiga yake. Ukipikia ya mwenye nyumba, si mpangaji tena. Umekuwa mtu wa nyumba."

"Kwetu mafiga ni mawe tu, dada."

"Haya. Aliyekutangulia naye alisema hivyohivyo."

"Alihamia wapi?"

Jirani alitazama mlango wa Suzan, akaondoka upesi.

Harufu ikatoka chumbani. Maziwa yaliyoungua.

Suzan hakuwa na maziwa.

Hakuuliza, hakufunga mlango, alikimbia na mwanawe hivyohivyo, peku. Hatua tatu nje ya ua, Derick akalegea. Akamshusha. Midomo rangi ya majivu. Hapumui! Akarudi ndani akipiga yowe, na alipovuka tu ua mtoto akapiga chafya, akacheka.

Akajaribu tena.

Akalegea tena.

Mara ya tatu, mama gani angejaribu?

"Bibi, nionee huruma, niachie mwanangu!"

Speciosa alikuwa akipeta maharage. Hakuinua macho.

"Mwanao si huyo umembeba? Tena mzima."

Jumamosi alasiri Wiston akaja, meno yote nje. Mwajiri amempa nyumba, bure, bati jipya! Akambeba Derick mabegani.

"Mama Derick, fanya haraka, gari inasubiri."

Akaelekea kwenye mwanya wa ua. Suzan akamrukia kwa nyuma, akampokonya mtoto, wakaanguka wote watatu.

"Una wazimu wewe?"

Amwambie? Angecheka. Tena angembeba mtoto avuke naye makusudi, amwonyeshe kuwa ni ushamba. Wiston alikuwa mtu wa hivyo.

"Hapa pamenifaa," Suzan akasema. "Nenda wewe."

"Pamekufaa? Kibanda hiki?" Akamtazama usoni, kisha mlangoni. Sauti ikashuka. "Suzan... kuna mwanaume humo?"

"Hakuna mtu."

Ndani, mtu akapuliza moto.

Fuuu... fuuu...

Wiston alisikia. Akatema mate chini, akajifuta vumbi, akatoka bila kugeuka. Gari likanguruma likielekea kambini.

Suzan akabaki amesimama, Derick kifuani.

Chumbani mwiko uliendelea kukoroga, polepole.