Vumbi Lililozama

Tangu mlima ulipotema majivu, kila asubuhi darasa la sita lilianza kwa vitambaa vibichi na kukohoa. Kinara alifuta upande wake wa dawati, akamwachia Kobe, msichana aliyekaa naye, upande wa pili. Jina la Kinara alipewa kwa kushika namba moja kila muhula. La Kobe alilitunga Kinara mwenyewe, kwa sababu jirani yake alifanya kila kitu polepole.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliligawia kila dawati mikebe miwili ya majivu yaliyochekechwa: changarawe na vumbi. Walitakiwa kutafuta densiti, yaani kila mililita ya punje zenyewe ina gramu ngapi. Atakayepima vizuri angekwenda kwenye maonyesho ya sayansi.

Kinara alipima changarawe chapuchapu: 1.4. Kobe alitia vumbi kwenye chupa ya maji, akatikisa, akangoja mapovu yaishe, akatikisa tena. Akaandika kwa penseli kwenye daftari lao: 2.5.

"We Kobe, umelala? Vumbi hili la kupeperushwa na upepo, lishinde changarawe?"

"Nimepima mara tatu."

"Hata ukipima mara kumi. Utatutia aibu bure."

Kobe alipokwenda kuosha chupa, Kinara alifuta 2.5, akaandika 1.1.

Kesho yake mwalimu alisimama mbele ya dawati lao, daftari mkononi. "Kwenye vumbi wenzenu wote wamezidi mbili, ninyi moja nukta moja. Nani alipima vumbi?"

"Mimi, Mwalimu. Lakini sikuandika hivyo."

"Kumbe daftari limejiandika lenyewe! Umebuni namba, halafu unakana. Maonyesho utayasikia redioni."

Darasa likaangua kicheko. Kobe akamtazama Kinara. Kinara akatazama ubao.

Mwalimu akamimina changarawe kwenye beseni la maji. Punje kadhaa zikaelea. Akaziopoa, akazitwanga kwenye kinu, akaurudisha unga wake majini na kukoroga. Ukazama wote.

"Punje kubwa ina vitundu vya hewa ndani, kama mkate. Ivunje, hewa inatoka, linabaki jiwe tupu. Upepo hubeba vumbi kwa udogo wake, si kwa wepesi wa jiwe lake."

Kinara akasimama. "Mwalimu, ni mimi niliyefuta. Yeye aliandika mbili nukta tano."

Safari hii hakucheka mtu.

"Nisamehe, mwanangu," mwalimu alimwambia Kobe. "Nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza. Maonyesho utakwenda wewe." Kisha akamgeukia Kinara. "Kutojua si kosa, ndiyo maana tunapima. Kosa lako ni kufuta ukweli wa mwenzako kwa kuwa hukuupenda, ukakaa kimya akichekwa."

Wakati wa mapumziko Kinara alimkuta Kobe akihamishia vitabu vyake dawati la nyuma.

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia," Kobe alijibu bila kugeuka.

Kinara akamwendea mwalimu. "Atarudi kukaa nami?"

"Namba nimeirekebisha kwa kalamu," mwalimu alisema. "Hilo lingine halina kalamu, mwanangu. Chukua kitambaa. Futa dawati, pande zote mbili."