Ng'ombe wa Nailoni wa Nyaishozi

Kila asubuhi Kokugonza alifagia jiko na ua. Maganda ya ndizi, majivu, mifuko ya nailoni ya dukani, vyote alivimwaga migombani. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: taka za nyumba ni chakula cha mgomba. Lakini enzi za mama yake nailoni haikuwapo.

Ng'ombe wake, Bihogo, alikula maganda hayohayo. Mwaka 1995 aliacha kucheua. Tumbo likavimba. Siku ya tano akafa, akaacha mtamba mmoja tu.

Kokugonza alikasirika. "Mtu amemtilia sumu," alisema. "Nikimjua, atanitambua."

Bwana mifugo, Desderius, alifika na kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe sumu."

Desderius alipasua tumbo. Akatoa donge kubwa la nailoni, limesokotana.

"Mfuko wa chumvi hubaki na ladha," alisema. "Ng'ombe aliyekosa chumvi huulamba, akaumeza. Hauozi tumboni, wala hauozi ardhini. Unaziba njia. Ng'ombe anakufa njaa huku tumbo limejaa."

"Nani alimlisha?"

Desderius aliangalia migomba. Kokugonza naye akaangalia. Mfuko wa bluu ulikuwa umenasa shinani. Aliutambua. Aliuleta mwenyewe Jumamosi.

Hasira yake ikakosa pa kwenda, ikamrudia.

"Na mtamba wangu?"

"Mifuko ikibaki pale, naye atakufa."

Siku tatu Kokugonza aliokota nailoni, migombani mwake na njia nzima hadi sokoni. Mumewe, Kaijage, alifunga fito kwa waya, zikawa umbo la ng'ombe. Wakalivika makopo yaliyopondwa na mifuko. Kichwani wakafunga pembe ndefu za Bihogo mwenyewe. Tumbo wakaliacha wazi, na lile donge likaning'inia ndani. Wakamsimamisha sokoni Nyaishozi, kando ya barabara.

Watu walicheka. Rweyemamu, mwenye duka, hakucheka.

"Mama, ondoa mdudu huyu. Anafukuza wateja."

"Huyu ni Bihogo. Mimi ndiye niliyemuua, kwa mifuko ya dukani kwako," Kokugonza alisema kwa sauti, wote wasikie. "Nimekiri mbele za watu. Wewe unaogopa nini?"

Kicheko kikakatika. Anonciata, jirani yake, alikuwa ameshika chumvi aliyotoka kuinunua. Akamrudishia Rweyemamu mfuko.

"Nifungie kwa jani la mgomba," alisema. "Kama zamani."

Waliokuwa nyuma yake nao wakataka majani. Rweyemamu alinuna, lakini alifunga. Baada ya wiki mbili watu walikuja na majani yao na vikapu vyao.

Nyumbani, Kokugonza alitundika gunia ukutani. Maganda na majivu yalikwenda migombani, nailoni ikaingia guniani. Asubuhi alikagua kila shina kabla ya kumfungulia mtamba.

Mwaka uliofuata mtamba alizaa salama. Kokugonza alichota chumvi, akamlambisha kiganjani mwake mwenyewe.