Jina Lililoamsha Mashine

Giza lilikuwa linaingia Rael aliporudi ofisini kuchukua mwavuli wake. Mvua ya Eldoret haina adabu, hungoja utoke ndipo inyeshe. Bethwel, askari wa mlangoni, alimfungulia kisha akarudi kwenye jiko lake la makaa.

Mwavuli ulikuwa nyuma ya kiti cha Chepkoech. Kiti hicho ndicho kilichomnyima Rael usingizi. Yeye ndiye aliyepiga taipu katika ofisi ile ya kununua mahindi tangu enzi za meneja wa kwanza, mpaka vidole vikaota sugu. Kompyuta ilipoletwa, nani akapelekwa Nairobi kuisomea? Chepkoech, msichana wa juzi, eti anashika mambo haraka. Akarudi na viatu vipya na kicheko kipya. Rael alimwonea wivu mpaka chakula kikamshinda, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Faraja yake ilikuwa moja tu. Mashine yenyewe ilikuwa na usingizi. Ukiiacha kidogo kioo kinazima, na haiamki mpaka chai ipoe. Siku hiyo ilikataa kabisa. Meneja, Bwana Gerishon, akatangaza mbele ya wote kwamba atakayeiamsha ndiye atakayeketi pale. Chepkoech alienda zake nyumbani Kapsoya analia, akaiacha inanguruma gizani.

Rael akausahau mwavuli. Alitikisa nyaya zote. Akahamisha plagi. Akapuliza vumbi kwenye matundu ya nyuma, akabonyeza vitufe vyote. Kimya... Feni tu, inavuta pumzi kama mtoto mchanga.

Mtoto mchanga! Akacheka peke yake. Kwao Turbo, mtoto akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina lililomtoa chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Basi Rael akainama mbele ya kioo cheusi, mzaha tu.

"Kogo Tapsubei?" Huyo alikuwa bibi yake.

Kimya.

"Mzee Kimaru?"

Feni ikavuta pumzi... ikaachia.

Wafu wakamwishia. Jina lililobaki mdomoni ni lile alilolala nalo na kuamka nalo, likamtoka na uchungu wake wote.

"Chepkoech."

Chyaa!

Kioo kikawaka papo hapo. Harufu ya mafuta ya nywele ya Chepkoech ikajaa chumba, nzito, kana kwamba mwenyewe ameketi pale. Rael akakumbuka onyo linalojulikana na kila mtoto wa kwao: aliye hai haitwi. Akachomoa plagi, akakimbia kwenye mvua bila mwavuli.

Asubuhi Chepkoech hakuonekana, na meneja alikuwa amesimama juu ya mashine, amekunja uso. Rael alijiambia kwamba ya jana yalikuwa uchovu. Akainama kama anayekagua waya, akachomeka plagi, akanong'ona lile jina. Mashine ikapiga chafya, ikaamka. Kiti kikawa chake, na moyo wake ukashiba kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Kila asubuhi akanong'ona. Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, alienda Kapsoya kumwona mgonjwa, maana watu wangesema. Chepkoech alikuwa amelala chali, kitana bado mkononi. Vidole vyake vilikuwa vinachezacheza juu ya blanketi... vinapiga taipu.

Mama yake alimweleza Rael kwamba daktari anasema ni malaria imepanda kichwani. Lakini malaria gani hii? Asubuhi msichana anaamka mzima, anachana nywele aende kazini, kisha anaanguka usingizini. Anazinduka jioni, ofisi zikifungwa.

"Anasema kuna mtu humwita," mama akanong'ona. "Na kila siku anachelewa zaidi kuamka. Jana nilidhani harudi."

Kisha akamshika Rael mkono, akamshukuru kwa kumshikia mwanawe kazi.

Rael alilia njia nzima. Akaapa kwamba jina lile halitamtoka tena, hata wamfukuze.

Jumatatu meneja aliingia na wageni kutoka Nairobi. Kioo kilikuwa cheusi. Rael alibonyeza vitufe, akatikisa nyaya, akapuliza vumbi. Kimya. Jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Kama imekushinda, wacha Nduta ajaribu," Bwana Gerishon akasema. Nduta ndiye aliyepewa taipu kuukuu ya Rael. Hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuja anatabasamu, akauweka mkono wake kwenye mgongo wa kile kiti.

Rael aliutazama ule mkono. Mdogo, laini, hauna sugu hata moja.

Akainama.

"Chepkoech," akaita taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Chepkoech..."

Safari hii chafya haikuja kwanza. Ndani ya mashine, mbali sana, mtu aliitika.

"Dada Rael... kumbe ni wewe?"

Kioo kikawaka. Wageni wakapiga makofi. Rael akavuta kiti, akaketi, akaanza kupiga taipu.