Kisu cha Upande Mmoja

Kinyozi alikuwa mtu wa kunoa. Wembe, mkasi, shoka, jembe la kuazima: chochote chenye makali kikipita mikononi mwake, kilirudi kikiwa na makali zaidi. Mtaani walisema ukisahau kijiko kibarazani kwake, ukirudi jihadhari na midomo yako.

Mkewe, Mama Kitalu, alikuwa mtu wa miche. Nyuma ya nyumba, chini ya wavu mweusi, miche ilisimama kwenye mifuko yake kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula. Aliipalilia, aliimwagilia na kuipogoa, yote kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi hiyo hakuwa na raha. Mparachichi mkubwa uani ulikuwa umehukumiwa kifo. Mizizi yake ilikuwa imeupasua ukuta wa karakana ya jirani yao, Bi Seremala, na ukuta sasa uliinama kama mtu anayesikiliza umbeya. Bibi, mama yake Kinyozi, ndiye aliyeupanda mti huo ujanani. Ndiye pia aliyetoa hukumu.

"Ukatwe Jumamosi," alisema. "Mti haushindi kichwa cha mtu."

Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Wote walijua sababu. Meno ya Bibi yalikwisha kustaafu, na maparachichi ya mti ule, laini kama siagi, ndiyo yaliyokuwa yakimfurahisha. Ya sokoni aliyaita sabuni.

Kupanda mbegu kusingesaidia. Mbegu ya parachichi ina kiburi chake, huzaa itakavyo. Njia ya kuupata mti uleule ni kubebesha: unakata kikonyo, yaani kijiti chenye macho, kutoka mti mzee, na kukiunganisha na mche mchanga. Mama Kitalu alikuwa amejaribu na kujaribu. Kila kikonyo kilikauka. Vikonyo vizuri vilivyobaki mtini vilikuwa vichache, na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio.

Alikuwa akikata kingine Bi Seremala alipoingia uani, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Hodi, jirani! Nimekuja kuuangalia ufa wangu."

"Karibu. Ufa wako haujambo. Mwenye jambo ni mimi."

Bi Seremala akachukua mche uliokatwa na kikonyo kilichokatwa. Akavibananisha na kuviinua kwenye jua.

"Angalia hapa. Unaona nini?"

"Naona mwanga katikati."

"Basi hapo ndipo kinapokufa. Unapopita mwanga, utomvu haupiti. Mkato wako una kilima. Hebu nipe hicho kisu."

Akakigeuza huku na huku. Nyusi zikapanda, vumbi likaanguka.

"Nani amekinoa hiki?"

"Mimi hapa!" Kinyozi alijibu toka barazani, kifua mbele. "Fundi, nilimnunulia mke wangu kisu kipya, kumbe tumepunjwa. Kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu! Nikakaa nacho jioni nzima, nikakimalizia upande wa pili."

Bi Seremala akafumba macho, kama mtu anayeomba dua kwa ajili ya marehemu.

"Shemeji, patasi yangu umeiona?"

"Nimeiona."

"Imechongwa pande ngapi?"

"Mmoja. Wa pili ni bapa."

"Kwa nini?"

Kinyozi akasogea kukitazama kisu kwa karibu.

"Kwa sababu bapa ndilo linalolala juu ya mbao na kuongoza mkato uende sawa," alisema Bi Seremala. "Kisu cha kubebeshea ni ndugu yake patasi. Ukikichonga pande zote mbili, bapa limekufa. Kisu kinapanda, kinashuka, na kinaacha kilima."

"Kumbe si mkono wangu," Mama Kitalu alisema polepole. "Kila mtu anasema ni huu wa kushoto."

"Mkono wako hauna kosa. Ila kisu lazima kiujue. Twendeni dukani, na shemeji aje. Mikono mfukoni."

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kilimo, muuzaji alileta kwanza kisu cha kukunja.

"Hapana, kaka," Bi Seremala alisema. "Cha kukunja kinaweza kujifunga na kukukata vidole, na uchafu unajificha kwenye bawaba. Tuletee kisichokunjwa, chuma kimeingia ndani ya mpini, kiwe na ala yake. Hicho unakifuta chote kwa spiriti, ugonjwa wa mche mmoja usihamie mwingine."

Muuzaji akaleta kingine. Kinyozi, mikono ikiwa imekwisha kutoroka mfukoni, akakidaka.

"Hiki ndicho! Kimekaa mkononi kama nimezaliwa nacho!"

"Nani atabebesha, wewe au mkeo?"

Mama Kitalu akakishika kwa kushoto, kama anayekata kwenda mbele, mbali na mwili.

"Unauona mteremko wa makali, ule upande uliochongwa?"

"Siuoni. Uko chini."

"Hicho ni cha mkono wa kulia. Mteremko ukikutazama wewe, bapa litalala juu ya kijiti. Hapo ndipo kisu ni chako."

Muuzaji akapekua kabati mpaka akapotelea ndani. Akatoka na kimoja, kikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Mama Kitalu akakishika. Mteremko ukamtazama usoni, ukimeta. Akakijaribu kwenye kijiti: bapa liliteleza mara moja, na mkato ukatoka laini kama kioo.

"Mama," muuzaji alisema, "huo mkono uwekewe bima."

Nyumbani, Bi Seremala akamwonyesha Kinyozi jiwe la kunolea. "Unanoa mteremko tu. Ukisikia kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, laza bapa lote juu ya jiwe, lipitishe kidogo, kinyuzi kitoke. Basi. Ukiinua bapa hata unywele, nitakunyoa mimi."

Mama Kitalu alivimaliza vikonyo vyote kabla ya Jumamosi. Kila alipoviinua kwenye jua, mwanga haukupita. Alivifunga kwa utepe wa nailoni na kuviweka kivulini. Mti mzee ulikatwa, na Bi Seremala akajenga ukuta mpya. Wiki chache baadaye macho ya vikonyo yalivimba, yakafunguka, yakatoa majani madogo mekundu. Karibu vyote vilishika.

Msimu wa matunda ya kwanza ulipofika, Bibi aliwekewa parachichi kwenye sahani. Akakata kipande kwa kijiko, akakizungusha mdomoni, akafumba macho. Mama Kitalu alishika kiti.

"Mama, ni lenyewe?" aliuliza.

Bibi akakwangua ganda mpaka likabaki karatasi.

"Sijahakikisha," alisema. "Leteni jingine."