Pete ya Ustadh Rafaqat

Haya yalimkuta rafiki yangu Tauqir, fundi wa kompyuta pale Lahore. Alimchongea ustadh wake Rafaqat, aliyemfundisha kazi, kwa mwenye jengo, akajitwalia kiduka chao cha sokoni, kilicho chini ya ardhi. Mzee akafa na kinyongo chake, ikabaki kompyuta yake kuukuu. Tauqir akaitia diski ya kufutia kila kilichomo, ili aiuze. Ikagoma katakata.

"Si hujaigongea, kaka!" Akmal, muuza chai, akamcheka. Ustadh hakuwahi kufuta mashine kabla ya kuligonga kasha lake mara mbili kwa pete yake, kama anayeaga maiti.

"Mwenye pete yuko kaburini. Itafutika tu, itake isitake!" Tauqir akafoka.

Umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, soko zima likawa giza totoro. Lakini diski ikaendelea kuzunguka. Tauqir akapapasa, akachomoa waya. Ikazidi kuvuma, kisha ikatulia ghafla.

"Akmal, upo?"

Mtu akahema karibu na sikio lake. Halafu pete ya baridi ikamgonga kwenye paji la uso, taratibu, mara mbili.